Corona ikija tena, mitihani ifutwe? Ngoja kwanza tuelewane

Kila ukisikia redioni kuna ugonjwa mpya, iwe mpox ile ya 2024 ambayo kesi yake ya kwanza ilipatikana pale mpakani Taveta, au kipindupindu kimezuka mahali, haipiti siku mbili maskani zote kuanzia Majengo mpaka Kisauni zishagawanyika. Hawa wasema serikali ifute mitihani, mtoto akifa hicho cheti atampelekea nani, na wale wasema ukifuta mtihani umefuta maisha ya mtoto. Kila mmoja anatoa mfano wa 2020, na hapo ndo mambo yanapochafuka manake wengi tunaikumbuka 2020 vibaya. Utamsikia mtu mzima anaapa ati mwaka ule Kenya ilifuta KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Haikufuta, kuna vijana hapa hapa mtaani wana vyeti vya KCSE 2020 kabatini na walifanya karatasi zote kama kawaida, tena na barakoa usoni.

Kwa hiyo kabla ya kupigana tujue tunapigania nini. Ninaposema mtihani hapa nazungumzia mtihani wa taifa, ule unaotungwa na baraza la mitihani KNEC, nchi nzima wanafanya siku moja, karatasi zinatoka kwenye kontena polisi wamesimama. Sizungumzii ile ya katikati ya muhula, hiyo ikifutwa watoto wanashangilia na maisha yanaendelea. Na yanayoweza kufanyiwa huo mtihani wa taifa wakati wa janga ni matatu ambayo watu huyachanganya yote kwenye jina la kufuta. La kwanza ni kuahirisha, mtihani upo ila tarehe imesogea. La pili ni kufuta karatasi halafu gredi itoke kwengine, kwa mwalimu wako au kwa kazi ulizofanya mwaka mzima. La tatu ni kufuta kabisa, hakuna mtihani hakuna gredi, watoto wapande darasa. Hili la tatu kwa mtoto wa darasa la tano halina shida kubwa, lakini kwa anayemaliza kidato cha nne karibu haliwezekani, na sababu iko kwenye kazi yenyewe ya mtihani.

Mtihani wa taifa una kazi mbili na sisi wazazi mara nyingi tunaiona moja. Moja ni kupima mtoto amejua nini. Ya pili ni kuchuja, manake nafasi za udaktari, za uhandisi, za zile skuli kubwa zenye majina, ni chache kuliko wanaozitaka na lazima kuwe na njia ya kusema huyu aingie na yule asubiri. Chukulia feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, watu wamejaa, geti limefungwa na feri ina idadi yake. Ukiling'oa lile geti feri haiwi kubwa, watu ni wale wale na bado kuna watakaobaki ng'ambo hii, ila sasa anayeamua nani apande ni mwenye mabega mapana. Ndo ilivyo mtihani. Ukiufuta hujaongeza nafasi hata moja ya udaktari, kuchuja kutaendelea tu, swali ni kutafanywa na nani na kwa kuangalia nini. Mtu akikuambia mitihani ifutwe muulize hilo, na akikuambia isifutwe muulize hilo hilo.

Waliolijua hili kwa uchungu ni Uingereza. Tarehe 18 Machi 2020 waziri wao wa elimu, Gavin Williamson, akatangaza skuli zinafungwa na mitihani ya mwaka ule haitafanywa, GCSE ya watoto wa miaka 16 na A-level ya miaka 18 ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu. Walimu wakaambiwa waandike gredi wanayoamini mtoto angeipata, na pia wawapange watoto wote wa kila somo kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa wasimamizi wa mitihani wa England, wanaitwa Ofqual, wakaziangalia zile gredi wakaona walimu wamekuwa wakarimu mno. Mwalimu ni binadamu, akiwa katikati ya B na A atamwandikia mwanafunzi wake A, na walimu wote wakifanya hivyo nchi nzima imepata A. Wakaamua waziteremshe kwa fomula ya komputa, ndiyo ile watu wanaiita algorithimu. Fomula inaangalia skuli yako ilipata nini miaka mitatu iliyopita, inaangalia kidogo na nyinyi wa mwaka huu mlifanyaje kwenye mitihani ya nyuma, inaigawia skuli gredi zake, halafu wewe unachukua inayolingana na namba yako kwenye ile orodha ya mwalimu.

Ukiisoma haraka unaona ina akili. Hebu iletee Mombasa uone. Kuna msichana anasoma skuli ya kutwa huko Mtongwe, hesabu kwake ni maji ya kunywa, akirudi nyumbani apike kwanza na aoshe vyombo ndo ashike kitabu. Skuli yake miaka mitatu haijatoa A ya hesabu. Fomula inasema kama haikutoka miaka mitatu na mwaka huu haitoki, kwa hiyo hata akiwa namba moja kwenye orodha atapewa ile ya juu ambayo skuli imezoea, B labda. Huyu hakuanguka mtihani, hata kuketi hakuketi, amehukumiwa kwa matokeo ya watu waliokwisha ondoka pale na hawajui hata sura. Na sikiliza na hili, somo likiwa na wanafunzi watano au chini ya hapo fomula haikuwa na cha kushika kwa sababu idadi ni ndogo, hao wakaachiwa gredi za mwalimu vile vile zilivyo. Darasa la watu watano unalipata wapi? Kwenye skuli za kulipia, za wenye nazo, ndo wengi wao walikuwa huko.

Matokeo yakatoka 13 Agosti na karibu 40% ya gredi za A-level England zilikuwa zimeshushwa kutoka pale mwalimu alipoandika. Scotland walikuwa wametangulia, matokeo yao ya 4 Agosti yalishusha gredi kama 125,000, kelele zikapigwa, wiki moja baadaye wakazirudisha na kuomba radhi. England wakakaza shingo siku nne, watoto wakaandamana London, 17 Agosti wakanyoosha mikono na kila mtu akapewa ile ya mwalimu ikiwa ndiyo ya juu. Waziri mkuu Boris Johnson akaenda akailaumu algorithimu mbele ya wanafunzi, utadhani ilijiandika yenyewe usiku watu wamelala.

Sasa gredi za walimu zikishakuwa ndizo, zikafura. Mwaka 2019 A-level zilizopata A na A yenye nyota zilikuwa kama robo ya zote, kufika 2021 ambapo walimu ndo walitoa gredi tena zikawa 44.8%. Watoto hawakuwa wameerevuka ghafla namna hiyo katika miaka miwili, tena miwili ya kukaa nyumbani. Na vyuo vilishatoa ahadi kwamba ukipata gredi kadhaa una nafasi, wakafika na gredi zao mkononi na nafasi hazitoshi, mpaka Chuo Kikuu cha Exeter mwaka huo kikawa kinawapa vijana wa udaktari pauni 10,000 wakubali kuja mwaka unaofuata. Yaani wamefika geti limeng'olewa, na bado kuna waliobaki ng'ambo.

Lakini usitoke hapa ukisema kufuta karatasi ni balaa kila mahali, manake Ufaransa walifanya hivyo hivyo mwaka ule ule na hakuna aliyechoma kitu. Mtihani wao wa kumaliza sekondari, bac, waliuhesabu kwa maksi za mwaka mzima. Ni kweli waliofaulu waliruka kutoka 88.1% mwaka 2019 mpaka 95.7%, na serikali ikabidi iongeze nafasi vyuoni, lakini vita kama vya Uingereza havikuwepo. Tofauti kwa maoni yangu ni moja tu. Mfaransa alikuwa na maksi zishaandikwa kabla ya janga, ziko kwenye rekodi, mzazi anazijua na mtoto anazijua. Muingereza alikuwa hana kitu cha kutosha, alikuwa ameweka mayai yote kwenye karatasi za mwisho wa mwaka wa mwisho, karatasi zilipoondoka ikabidi abuni.

Turudi kwetu. Kesi ya kwanza ya corona Kenya ilitangazwa 13 Machi 2020, jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza skuli zifungwe. Mwezi wa nne Mombasa ikafungwa hakuna kutoka wala kuingia, mwezi wa tano Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na anayekaa huko anakumbuka ramadhani ile ilivyokuwa. Tarehe 7 Julai waziri wa elimu, marehemu Profesa George Magoha, akasema KCPE ya darasa la nane na KCSE hazitafanywa 2020, mwaka wa masomo uhesabiwe umepotea, watoto warudi Januari 2021. Hii "umepotea" ndo iliyowapoteza watu, wengi walisikia mitihani imefutwa wakazima redio. Kumbe baadaye mambo yakageuka, 12 Oktoba darasa la nane, kidato cha nne na gredi ya nne wakaitwa warudi, wengine wakarudi Januari wakaendelea walipoachia, na mtihani wa 2020 ukafanywa 2021. KCPE ilianza 22 Machi, KCSE ikaanza 26 Machi. Kwa hiyo tuliahirisha. China nao waliahirisha, ule mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo wenye watahiniwa zaidi ya milioni 10 ulisogezwa mwezi mmoja tu mpaka Julai 2020. Tanzania hapo jirani waliwarudisha kidato cha sita 1 Juni na tarehe 29 wakaanza karatasi.

Wengi walimtukana Magoha wakati ule. Mimi naona kwa hili hakukosea, ingawa si kwa ile sababu anayoitoa kila mtu ya kwamba mtihani ndo haki. Ni kwamba hakukuwa na kitu kingine ghalani. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ulikuwa ni wa karatasi ya mwisho, ukitoa masomo machache yenye projekti, miaka minne yote ya sekondari haikuwa na maksi hata moja iliyokaa KNEC ikisubiri. Ungemwambia mwalimu atoe gredi, na skuli zetu wenyewe mnazijua, zinapachika mabango barabarani kila matokeo yakitoka, meani, yaani wastani wa gredi za skuli, ndo biashara, halafu mwenye bango ndo umpe kalamu ya kuandika gredi? Kuna walimu waaminifu tele, lakini usimpe mtu mzigo ambao jirani, mwenye skuli na mzazi mwenye gari kubwa wote wanausukuma upande mmoja. Na ukimkwepa mwalimu ukatumia fomula unarudi kwa yule msichana wa Mtongwe.

Ila kuahirisha nako si bure, na wanaosema "mwaka mmoja ni nini, watarudi tu" huwa hawakuhesabu wasiorudi. Kuna utafiti ulifuatilia wasichana wa sekondari magharibi ya Kenya, ukalinganisha waliokumbwa na kufungwa kwa skuli na wale waliomaliza kabla ya corona, ukakuta hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza skuli imekuwa mara mbili na ya kuacha skuli mara tatu. Huko ni Siaya, lakini mama yeyote wa hapa Pwani hahitaji kuelezwa. Wavulana nao walishaonja pesa, wa boda yuko kwa boda, wa kuuza muguka anauza, wa kupakia mizigo Kongowea ashazoea kushika mia tano jioni, ukimwambia avae sare tena anakuangalia. Halafu ratiba ikabanwa kufidia, mihula minne ikaingizwa kwenye mwaka mmoja, mwaka 2022 peke yake ukala KCPE mbili, ya 2021 mwezi wa tatu na ya 2022 mwezi wa kumi na moja. Mwisho wa 2021 mabweni yalikuwa yanaungua kila wiki na wengi walitaja uchovu wa ile ratiba.

Na kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau. Mtihani ulipoahirishwa Julai 2020 Kenya ilikuwa na kesi kama 8,000 zilizothibitishwa tangu mwanzo. KCSE ilipoanza 26 Machi 2021 zilikuwa zimepita 120,000, wimbi la tatu limepamba moto, na siku hiyo hiyo Rais akafunga Nairobi na kaunti nne jirani na kusimamisha masomo ya darasani nchi nzima isipokuwa waliokuwa kwenye mtihani. Yaani tuliwakimbiza watoto ugonjwa tukaenda kuukuta mbele. Ukiahirisha bila kujua janga linaelekea wapi unacheza kamari, na kwa ugonjwa mpya hakuna anayejua.

Hapo ndo nataka kusema juu ya chumba chenyewe cha mtihani manake hofu nyingi inaelekezwa pale na si pahali pake. Wakati wa mtihani wa taifa madawati yanatenganishwa tangu zamani ili watu wasiibiane, hakuna kuongea, mnaangalia upande mmoja, madirisha yako wazi na hapa Pwani usipoyafungua mtazimia. Katika siku ya mwanafunzi hakuna saa iliyo salama kuliko hiyo. Hatari iko kwenye miezi ya kujiandaa, kwenye bweni lenye vitanda viwili viwili juu kwa juu, kwenye matatu ya asubuhi, kwenye prepu watoto hamsini chumba kimoja. Skuli zilipofunguliwa Oktoba 2020 baadhi ya za hapa Mombasa zilifungwa tena kwa muda baada ya walimu kupatikana na virusi, na mitihani yenyewe ilikuwa bado miezi mitano. Mtihani wa wiki tatu unaweza kuulinda. Muhula mzima wa kujaza silabasi ndo mtihani wenyewe kwa daktari.

Wanaotaka mtihani ufanywe kwa intaneti siwazungumzii sana. Nyumba ina simu moja ambayo baba anaondoka nayo alfajiri, bando ni la shilingi ishirini, stima inakatika saa mbili usiku, hapo unataka kupima kiswahili au unapima kipato? Masomo ya redio na televisheni yalisaidia walioweza, kwa kufundisha sawa, kwa kutoa cheti bado.

Na wale waliobashiri watoto wa 2020 wataanguka wote kwa sababu walikaa nyumbani, haikuwa hivyo. Waliofanya KCSE ile walikuwa 747,161 na waliopata C+ kwenda juu, ndiyo tiketi ya chuo kikuu, walikuwa 143,140, mwaka 2019 walikuwa 125,746 kati ya 697,222. Ukipiga hesabu imepanda kidogo, kutoka 18% mpaka 19%. Wengine wakasema basi kumbe kukaa nyumbani hakuna madhara. Polepole jamani. Hesabu hiyo inawajua waliofika chumba cha mtihani tu, yule aliyeolewa Septemba hayumo kwenye jedwali lolote la KNEC.

Sasa la leo, manake mfumo umebadilika na wengi bado wanabishana kwa hesabu za 2020. Chini ya huu mtaala wa umilisi, CBC, uliochukua nafasi ya 8-4-4, maksi za mtoto wa gredi ya sita zimegawanywa, karatasi za KPSEA, ile tathmini ya taifa ya gredi hiyo, ni 40% na ile 60% inatoka kwa tathmini za skuli za gredi ya nne, ya tano na ya sita, mwalimu anaziingiza kwenye mfumo wa KNEC. KJSEA ya gredi ya tisa, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, karatasi ni 60%, KPSEA inachangia 20% na tathmini za gredi ya saba na ya nane 20%. Kwa hiyo janga likitokea kesho, mtoto wa gredi ya tisa tayari ana 40% yake imekaa mahali, hatuanzi na ghala tupu kama 2020. Wa kidato cha nne wa 8-4-4, ambao wa mwisho watamaliza 2027, hao bado wako pale pale, kwao ni kuahirisha au kubuni.

Lakini ghala lina maana kama kilichomo ni mahindi na si makapi. Zile tathmini mtoto anaweza kufanyiwa kazi na mama yake, au mwalimu mwenye watoto themanini akajaza namba usiku mmoja kabla ya mfumo kufungwa, mambo haya yanasemwa wazi kwenye mikutano ya wazazi. Wakati hakuna janga tunayacheka, tunasema si ni asilimia ishirini tu. Siku karatasi zikiondoka hizo ishirini ndo zitakuwa nusu ya gredi yote. Basi mkutano wa wazazi ujao, badala ya kumaliza saa nzima kwenye pesa za basi, ulizeni mwalimu wa gredi ya saba mtoto wangu ameingiziwa maksi gani, kwa kazi ipi, naomba niione hiyo kazi, na nani mwengine aliyeikagua kabla haijatumwa.